Mosfeti inachemka kama pasi na pampu inazunguka kivivu: usiilaumu pampu

Mkuu, umesema umeunga pini ya ESP32 (ile bodi ndogo ya kuprogramu) moja kwa moja kwenye geti, yaani mguu wa kuamuru, la IRF540N, mosfeti inayofanya kazi ya swichi ya umeme, iwashe pampu ya volti 12 ya bustani, sasa pampu inazunguka kivivu na mosfeti inaunguza vidole. Unauliza kama umeuziwa feki. Inawezekana, ila hata orijino ingekufanyia hivyohivyo. Nimepita humo na kitalu changu cha nyanya.

Nilisoma kwenye datashiti (karatasi ya vipimo ya kiwanda) kwamba IRF540N inaanza kufunguka kwenye volti 2 hadi 4. ESP32 inatoa 3.3, nikaona mambo safi. Kumbe ile ni namba ya bomba linapoanza kudondosha: imepimwa kwa maikroampea 250, na pampu yangu inataka ampea 5! Niliweka mita kati ya dreni na sosi, ile miguu miwili inayopitisha mkondo wa pampu, ikasoma volti 2.8, mkondo ampea 3.4. Zidisha. Wati 9 na nusu ndani ya kitu cha ukubwa wa kucha, na mosfeti ya umbo lile bila hitisinki (chuma cha kupoza) hupanda kama nyuzi 62 kwa kila wati. Haikumaliza dakika, harufu ikajaa kibanda kizima.

Namba ya kutafuta ni upinzani wake ikiwa imefunguka, pamoja na volti za geti zilizoandikwa pembeni. IRF540N ni miliomu 44, lakini kwa volti 10 getini. Wengi watakwambia ununue IRLZ44N. Kwa Arduino Uno, bodi nyingine ya kuprogramu yenye volti 5, sawa kabisa, ila ahadi za datashiti yake zinaishia volti 4, kwa hiyo na ESP32 bado unabahatisha.

Mimi sikununua mosfeti ya aina nyingine. Nilichomoa PC817, kale kachipu ka miguu minne kanakokaa kwenye chaja mbovu. Pini ya ESP32 inapita rezista ya omu 330 kuwasha taa ya ndani ya PC817, ambayo mguu wake wa pili unarudi graundi; mwanga wake ndio unaofungua njia ya umeme upande wa pili wa kachipu. Upande huo, mguu uitwao kolekta unakwenda chanya ya betri, ule uitwao emita unakwenda geti la mosfeti, na rezista ya kilo-omu 10 inatoka geti kwenda sosi. Geti sasa linapata karibu volti 12 zote. Hiyo ya kilo-omu 10 usiiruke: bila hiyo geti linaelea, na pampu yangu iliwahi kujiwasha nilipogusa waya tu. Saketi hii ni ya kuwasha na kuzima; ukitaka kupunguza kasi kwa PWM (kuwasha na kuzima mfululizo) ya haraka, itachelewa kufunga na joto litarudi.

Dayodi, inayopitisha umeme upande mmoja tu, weka sambamba na pampu, mstari uliochorwa kwenye mwili wake ukielekea chanya. Mimi natumia 1N5408. Ukiigeuza, mosfeti ikifunguka tu ni shoti. Waya wa sosi uende moja kwa moja hasi ya betri, usipitishe ampea 5 kwenye bredibodi (ubao wa kuchomeka waya za majaribio).

Hata hivyo mosfeti itakuwa na joto: ampea 5 kwa miliomu 44 ni wati 1.1, kwa hiyo ifunge kwenye kipande cha alumini. Pima tena dreni na sosi pampu ikivuta maji. Ikizidi nusu volti, tuma picha ya waya zako hapa.