Mdhamini Aliyeandikwa Mara Tatu

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni karani wa kumbukumbu katika SACCOS (chama cha akiba na mikopo) moja ya hapa Temeke, Dar es Salaam. Tulipohamisha taarifa za wanachama kutoka kwenye madaftari na mafaili ya Excel na kuziingiza katika programu ya kompyuta, wanachama wengi waliingia mara mbili. Tuliwaunganisha kwa kitufe cha programu yenyewe, na majina yaliyojirudia yakaisha. Sasa nikifungua ukurasa wa mwanachama naona sehemu ya mahusiano imejaa marudio: mdhamini yule yule ametajwa mara mbili au tatu, mwenza ametajwa mara mbili, na yupo mama mmoja anayeonekana kuwa mke wa nafsi yake mwenyewe. Meneja anataka yote yaliyozidi yafutwe kabla ya mkutano mkuu. Je, ni salama kufanya hivyo?
Karani, Temeke

JIBU: Ndugu Karani, si salama, na ninakuomba umweleze meneja hivyo kwa heshima kabla mtu yeyote hajafuta chochote. Marudio unayoyaona hayana chanzo kimoja, na baadhi yake si marudio hata kidogo.

Katika programu za aina hii, uhusiano huhifadhiwa kama mstari wake wenyewe, wenye namba ya mtu wa kwanza, namba ya mtu wa pili, aina ya uhusiano, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha na hali yake ya sasa. Mnapounganisha kumbukumbu mbili za mtu mmoja, kwa kawaida programu huchukua mistari yote iliyokuwa chini ya namba inayoondolewa na kuihamishia kwenye namba inayobaki. Programu nyingi haziulizi kama mistari hiyo inaeleza jambo moja au mambo mawili. Kazi hiyo imebaki kwako, nayo ndiyo kazi yenyewe.

Tuanze na udhamini, kwa sababu hapo ndipo fedha za watu zilipo. Mwanachama anaweza kumdhamini mwenzake kwa mkopo wa ada ya shule, kisha akamdhamini tena kwa mkopo wa kuongeza mtaji wa biashara. Kwenye skrini mistari hiyo miwili itafanana jina kwa jina, lakini ni ahadi mbili. Ukifuta mmoja, mkopo mmoja unabaki bila mdhamini, na siku mkopaji atakaposhindwa kulipa, chama hakitakuwa na kumbukumbu ya kumwonesha mdhamini. Kwa upande wa pili, ukiacha mstari uliorudiwa kweli, mdhamini huyo ataonekana amebeba mzigo mkubwa kuliko akiba yake, na atakataliwa akiomba mkopo wake mwenyewe bila kujua kwa nini. Kinachotenganisha hali hizi mbili ni namba ya mkopo. Kama programu yenu haina nafasi ya namba hiyo kwenye uhusiano, fungua jalada la karatasi na utafute fomu ya udhamini yenye sahihi: fomu mbili ni udhamini mbili, na fomu moja yenye mistari miwili ni marudio.

Angalia pia upande ambao uhusiano unaelekea. Wafanyabiashara wa soko moja mara nyingi hudhaminiana, huyu kwa mkopo wa yule na yule kwa mkopo wa huyu, na mistari hiyo miwili isiunganishwe kamwe. Uhusiano wa mwenza ni tofauti, kwa kuwa mume kwa mke na mke kwa mume ni ndoa ile ile iliyoandikwa kutoka pande mbili, na mstari mmoja unatosha. Hata hivyo, mwanamume mwenye wenza wawili katika orodha huenda ana wake wawili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya wake wengi, kwa hiyo linganisha namba za wake hao, wala usidanganywe na majina yanayokaribiana.

Ukishathibitisha kwamba mistari miwili ni jambo moja, bakiza ule wenye maelezo kamili zaidi, na kabla ya kuondoa wa pili hamisha kila kilichomo ambacho wa kwanza hauna. Tarehe zinahitaji uangalifu wa pekee. Ukiona mahusiano mengi yote yameanza siku moja, karibu kila mara hiyo ni siku mliyoingiza data, haina maana nyingine, na haifai kushinda tarehe iliyoandikwa kwenye fomu.

Linalonitia wasiwasi kuliko yote ni yule mama aliye mke wa nafsi yake. Yawezekana aliandikishwa mara mbili na mtu akaziandika kimakosa kumbukumbu zake mbili kama wanandoa, lakini mara nyingi maana yake ni kwamba mume na mke wamegeuzwa kuwa mtu mmoja. Hutokea pale ambapo kanuni ya kutafuta marudio inategemea namba ya simu, ilhali mume na mke wanatumia simu moja. Akiba za watu wawili zimo katika ukurasa mmoja, na programu nyingi hazina njia ya kurudisha nyuma kuunganisha kulikokwisha kufanyika. Tafuteni bekapu, yaani nakala ya data iliyohifadhiwa, ya kabla ya kazi hiyo, ifungueni kwenye kompyuta ya pembeni, na linganisheni ukurasa wa mama huyo wa wakati ule na wa sasa. Kisha watafuteni wengine wote wenye dalili hiyo, kwa sababu kanuni iliyokosea kwa mmoja haikuishia kwake.

Kuhusu kanuni zenyewe, namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, yenye tarakimu 20 ni ushahidi wenye nguvu kuliko jina au simu. Njia za kulinganisha majina kwa sauti zisiaminiwe peke yake. Soundex, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1918, huwaona Mohamed na Muhammad kama jina moja, lakini kwa kuwa hushikilia herufi ya kwanza, huwaona Rukia na Lukia, au Hadija na Khadija, kama watu tofauti. Ivan Fellegi na Alan Sunter, walioweka msingi wa kihisabati wa kazi hii ya kulinganisha kumbukumbu mwaka 1969, waliacha kundi la kati la jozi za kumbukumbu ambazo hazikubaliwi wala kukataliwa mpaka zichunguzwe na binadamu. Nanyi wekeni kundi hilo, na mlipe muda wake.

Mkutano mkuu unaweza kupewa idadi ya wanachama bila mahusiano kuwa yamekamilika. Tangu Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawataka wanaotunza taarifa za watu kuhakikisha kuwa ni sahihi, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kumwomba meneja muda.

SWALI: Tunauza dawa kwa jumla Kariakoo. Mnunuzi wa kampuni moja amehamia kampuni nyingine, na sasa katika programu yetu ya wateja ana uhusiano wa ajira mara mbili. Niunganishe?
Msomaji, Kariakoo

JIBU: Hapana. Weka tarehe ya kuisha kwenye ajira ya kwanza na uiache ilipo, kwa sababu ankara alizozisaini akiwa huko bado ni za kampuni ile, hata kama yeye leo ananunua kwa niaba ya nyingine.