Mumeo hajaua mila, amechoka kusugua sufuria

"Shikamoo Shangazi. Tangu mtoto wetu wa kwanza aanze kutembea, kila Krismasi hatununui zawadi, tunatengeneza wenyewe: sabuni, mishumaa, skafu za kufuma. Watoto wa miaka 12, 9 na 6 wote wanashiriki, mimi narekebisha kidogo tu wakishalala ili vitu vipendeze. Mwaka huu mume wangu ameamua tununue, na tayari kaleta mfuko mzima wa zawadi za dukani. Mama yake kamuunga mkono, eti sabuni anazo za kutosha. Binti mkubwa naye kanuna, hataki hata kushika uzi. Mimi nimelelewa kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nimwambieje mume huyu asiiue mila yetu?" Mama wa Watatu.

Marahaba mwanangu. Kukesha na sindano za kufumia halafu mtu akuletee mfuko wa dukani kunauma, pole. Pole hiyo inatosha, sasa tuzungumze.

Kuna sentensi moja kwenye barua yako umeipitisha harakaharaka kama mtu mwenye mzigo wa magendo: "narekebisha kidogo tu wakishalala." Kidogo gani hicho? Mtoto wa miaka 6 kabandika ua lake kombo kwenye mshumaa, kalala na fahari yake. Anaamka asubuhi, ua limenyooka. Hatakuuliza, ila amejua. Mwaka unaofuata atabandika ilimradi, maana fundi wa usiku yupo. Sasa huyo wa miaka 12 kaishi na fundi wa usiku tangu anajifunza kushika mkasi. Skafu yake umeifumua na kuifuma upya mara ngapi? Wewe unasema kanuna. Hajanuna huyo, amejiuzulu kazi.

Nikamtafuta na mumeo ndani ya hiyo mila, sikumwona. Watoto wanashiriki, wewe unarekebisha, yeye anafanya nini? Ngoja nibahatishe. Ndiye anayekwangua nta iliyoganda kwenye sufuria ya kupikia. Ndiye anayetumwa utambi usiku maduka yakifungwa. Ndiye anayepeleka sabuni kwa mama yake na kutakiwa arudi na picha ya bibi anatabasamu. Nikikosea nisahihishe, lakini sidhani. Mwanamume asiyejali sikukuu hukurupuka mkesha na kununua chochote kilichobaki. Wako kanunua mapema, mfuko mzima. Huyo amekaa akawaza watu. Na hujaniambia ndani ya mfuko mna nini, kwa hiyo hukutazama.

Tuje kwa mkweo. Hizo sabuni mlizimimina lini? Sabuni ya kostiki, ile kemikali kali ya kutengenezea sabuni, isipopikwa inatakiwa ikae hewani wiki 4 hadi 6, ikauke na kukomaa. Ukimimina mapema Desemba ukamkabidhi mtu tarehe 25, umempa kipande laini kitakachogeuka uji bafuni baada ya siku chache. Vipimo vikikosewa kostiki ikazidi, ngozi inawasha, na ngozi ya mzee ni nyembamba. Mama wa watu angesema nini? Kasema anazo za kutosha. Ningekuwa mimi, ningechagua maneno mengine. Mkwe mwenye adabu kiasi hicho ni wa kushikwa mikono miwili, na wewe unamleta kwangu kama mshtakiwa.

Methali yako nimeipokea. Kutoa ni moyo, kweli kabisa, ila anayepokea naye ana moyo wake. Anayetoa kisha akawa anachungulia nani kavaa na nani kaficha kabatini, huyo hajatoa, amekopesha.

Na hili sikuambii wewe peke yako. Ndoa za siku hizi mila inazaliwa Jumatatu, Ijumaa ina picha kwenye simu, Jumapili ina sheria na adhabu! Zamani kazi ya sikukuu ilikuwa ya ukoo mzima. Aliyechoka alikaa kitako, mwingine akashika. Leo mke mmoja anajifungia jikoni na mila yake, anaibeba peke yake, kisha anawashtaki wenziwe kwamba hawabebi, na mtu akisogea kusaidia anaambiwa hajui. Waume nao siwaachi. Mtu ananyamaza miaka yote hiyo, halafu siku moja anaingia na mfuko. Huko ni kukimbia mazungumzo, na mumeo kwa hilo ana kosa lake, mwambie nimesema.

Sasa fanya hivi. Zawadi za mfuko ziende kwa wenyewe, na mumeo umshukuru mbele ya watoto. Kila mtoto achague mtu mmoja tu wa kumtengenezea kitu kimoja, cha kuchagua yeye. Wakitaka mishumaa, nta iyeyushwe kwenye bakuli juu ya maji ya moto, siyo motoni moja kwa moja, na mtu mzima asiondoke hapo. Mtu mzima huyo awe baba yao, wewe kaa sebuleni. Sabuni mwaka huu iache. Mwakani mkiitaka, mimineni mwanzoni mwa Novemba, na kostiki isiguswe na mtoto. Unatia kostiki kwenye maji, kamwe usitie maji kwenye kostiki, maana inachemka ghafla na kuruka. Watoto kazi yao ni kukata vipande vikishakuwa salama, kufunga na kuandika majina, hata kama herufi zinapishana. Wakishalala, nawe kalale.

Sufuria usugue wewe.

Binti mkubwa asiposhiriki, asishiriki. Kwanza mwombe radhi kwa ile skafu, na kama haikuwa skafu unajua mwenyewe ilikuwa nini. Asipokujibu usimkazanie ajibu, ana miaka 12.