Kisima cha Pangani kimeingia chumvi: ni sisi wa Moshi tuliomaliza mto?

Swali: Habari za kazi, mhandisi. Naishi Majengo, Moshi, ila nimeolewa Pangani. Kisima cha baba mkwe, nyuma ya minazi karibu na mto, kimeanza kutoa maji ya chumvi. Fundi anataka tukichimbe zaidi. Mashemeji wao wanasema ni sisi watu wa Kilimanjaro tuliowamalizia maji ya mto. Ukweli ni upi?

Jibu: Naanza na fundi, maana hapo ndipo pesa yenu itakapopotea. Msichimbe zaidi.

Pwani, maji baridi (yasiyo na chumvi) ya ardhini huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini, kwa kuwa ya bahari ni mazito kwa asilimia 2.5 hivi. Tofauti hiyo ni ndogo, na ndiyo inayoleta hatari. Kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari huizuia chumvi mita 40 hivi chini ya usawa huo. Pampu ikishusha maji kwa nusu mita na yakabaki hapo, chumvi inaweza kupanda mita 20. Anayeongeza kina anaifuata iliko. Na haihitaji kuwa nyingi: ndoo 2 za maji ya bahari katika 100 za kisima zinatosha kuharibu ladha.

Mashemeji nao wana hoja, tusiwabeze. Mto Pangani ni wetu kabla haujawa wao. Kikuletwa unakusanya maji ya Meru na Kilimanjaro, Ruvu unatoka Ziwa Jipe, na yote yanakutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Kabla ya hapo tumeshanywesha migomba kwa mifongo (mifereji yetu ya asili), mpunga wa Mabogini, miwa, mboga na maua ya Arusha. Jua nalo linachukua sehemu yake bwawani. Mitambo ya umeme ya Hale na ya Pangani haiyamalizi maji yanayobaki, ila inaamua yashuke saa ngapi. Mto ukifika mdomoni umechoka, bahari huupandia: wakati wa bamvua (siku ambazo bahari hujaa sana), maji ya chumvi hujipenyeza chini ya maji ya mto na kusogea bara. (Wengi husingizia theluji ya Kilimanjaro. Mchango wake mtoni ni mdogo sana. Mito yetu inalishwa na mvua ya msituni.) Lakini lawama si zetu peke yetu, kwa sababu usawa wa bahari wenyewe unapanda.

Sasa mtajuaje kosa ni la mto au la pampu? Ombeni kipima chumvi ofisi ya maji wilayani. Kwa mwezi mmoja, pimeni kisima asubuhi kabla ya kuchota na jioni baada ya kuchota, na mwandike siku za bamvua na za maji mafu (bahari inapojaa kidogo). Chumvi ikipanda na kushuka kwa kufuata bamvua, mto unahusika. Ikipanda kila jioni na kupungua alfajiri, ni pampu: chukueni maji kidogo kidogo, na fikirieni kisima kifupi mbali zaidi na mto. Kwa vyovyote vile, kingeni maji ya paa ya kunywa. Ukuta uliojengwa mjini Pangani unapunguza mmomonyoko wa ufukwe, kazi nzuri, lakini hauizuii chumvi inayopita ardhini.

Upande wetu, Bodi ya Maji Bonde la Pangani iko hapahapa Moshi. Sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inataka akiba ya maji kwa mahitaji ya msingi ya binadamu na kwa uhai wa mto, na anayevuta maji ya kilimo awe na kibali. Ukiona pampu isiyo na kibali kando ya Kikuletwa, peleka taarifa ofisini hapo. Mimi nimepeleka, na wakaja kukagua.

Vipimo vikishakamilika nitumie, pamoja na umbali wa kisima kutoka mtoni na kina chake.