Kabla Greda Halijafika, Fungua Daftari

Kikao changu cha kwanza kuhusu mradi mkubwa hapa Lamu nilisimama nikasema kama dakika kumi. Nilieleza habari za mikoko, za kamba wachanga wanaokulia kwenye mizizi yake, za mkondo wa Mkanda ambao wazee wetu wameupita tangu enzi. Nilipokaa, watu walinipigia makofi. Wiki chache baadaye ripoti ikanifikia mkononi. Maneno yangu yote, na ya wenzangu wote siku ile, yalikuwa sentensi moja: wananchi walieleza wasiwasi wao kuhusu uvuvi.

Ami yangu yalimkuta makubwa zaidi. Alipoulizwa na karani wa fidia alikuwa akipata kilo ngapi kwa siku, alijibu, "Nyingi." Karani akamwuliza tena. Ami akanyoosha mikono kuonyesha kapu lilivyokuwa likijaa. Hakuwa amesema uwongo hata kidogo, ila kapu halina tarehe wala mizani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari, na mpaka leo nikimwona ami amekaa pale Mkunguni namkumbuka akiwa amenyoosha ile mikono.

Naandika haya kwa sababu vijana wananiuliza tufanyeje kiwanda cha plastiki kikitaka kujengwa kwetu au kupanuliwa. Mradi wa LAPSSET, ule wa bandari na barabara za kuunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, ulipozinduliwa hapa kwetu Machi 2012, mpango wake ulikuwa na bomba la mafuta na kiwanda cha kuyasafisha. Penye kusafishwa mafuta, plastiki mara nyingi hufuata, kwa kuwa malighafi ni ile ile. Nafta inayotoka kwenye mafuta, au gesi ya ethani, hupashwa moto pamoja na mvuke kupita nyuzi 800 mpaka ikavunjika ikawa gesi ya ethilini. Gesi hiyo huunganishwa ikawa polithini, kisha hukatwa punje ndogo za ukubwa wa dengu. Ndoo, madumu, mifuko, vyote huanza kama punje hizo. Na punje humwagika: kwenye kupakia magari, kwenye mitaro ya mvua, baharini meli ikipata ajali. Oktoba 2017 tani 49 zilianguka bandarini Durban wakati wa dhoruba. Mwaka 2021 meli ya X-Press Pearl iliungua karibu na Colombo na kumwaga takriban tani 1,680 kwenye fukwe za Sri Lanka. Samaki huzila akidhani ni mayai.

Sasa msikilizeni mwanamke mmoja wa Texas, Diane Wilson, mvuvi wa kamba kutoka ukoo wa wavuvi. Karibu na ghuba yao kuna kiwanda kikubwa cha Formosa Plastics, naye amepambana nacho tangu miaka ya mwisho ya 1980, kilipotaka kujipanua. Alipiga kelele, alifunga kula, alijaribu hata kuizamisha mashua yake mwenyewe kama maandamano. Lakini kilichomshindia kesi mwaka 2019 ni mitungi na mifuko. Yeye na wenzake walitembea ufukweni na kwenye vijito, wakiokota punje, kila mfuko na tarehe yake na mahali pake, mpaka vielelezo vikapita 2,000. Jaji alikubali kuwa kiwanda kilivunja masharti ya kibali chake, na mapatano yakafikiwa ya dola milioni 50 pamoja na sharti la kutomwaga plastiki yoyote tena. Nilipoisoma habari ile nilimfikiria ami.

Kwa hiyo, ndugu yangu, anza kuandika leo, wakati hakuna mradi. Ukisubiri greda liingie, utakuwa umechelewa, maana huwezi tena kuonyesha bahari ilivyokuwa kabla. Mimi nina daftari la kurasa 200 na mizani ya kuning'iniza. Naandika tarehe, upepo, mahali tulipotega, aina ya samaki, kilo, bei dikoni. Usisahau msimu. Ripoti nyingine za athari za mradi hupima uvuvi wakati wa kusi, bahari imechafuka na nusu ya mashua zimepandishwa pwani, kisha huandika kwamba samaki ni haba. Uliza walikuja mwezi gani. Ukiwa na daftari la kaskazi na kusi kwa miaka miwili, swali hilo lina meno.

Kwa punje, mimi hutumia kamba niliyoifunga iwe mraba wa mita moja, na chujio la chai. Kila bamvua, maji yakishatoka, naiweka kwenye mstari wa mwani pale pale Shela, nachota mchanga wa juu, nautia kwenye ndoo ya maji ya chumvi, nakoroga. Mchanga huzama, punje nyingi huelea. Mara ya kwanza nilipata tatu, za rangi ya maziwa, laini mkononi kama shanga zisizotobolewa. Nimezitia kwenye chupa ya dawa, na karatasi ya tarehe ndani.

Kuhusu upanuzi, hapa shika sana. Kiwanda kinapotaka kuongezwa, karatasi huzungumzia kile kipande kipya tu. Moshi kidogo, maji kidogo, hatari kidogo. Wewe omba hesabu ya cha zamani na kipya pamoja, kwa sababu pua yako haitachagua moshi wa mwaka gani. Uliza maji yatatoka wapi na yatarudi wapi, na yana joto gani. Uliza mitaro ya mvua ina vichujio vya kushika punje au haina.

Uliza pia kazi zitabaki ngapi. Kiwanda cha Shell kule Monaca, Pennsylvania, kilikuwa na takriban wafanyakazi 8,500 wakati wa ujenzi. Kilipofunguliwa Novemba 2022, kazi za kudumu zilikuwa karibu 600. Kinaweza kutengeneza tani milioni 1.6 za plastiki kwa mwaka. Sisi tunaijua Flipflopi, jahazi la plastiki chakavu lililoundwa hapa Lamu na kushushwa majini mwaka 2018, kazi ya mafundi wetu, na najivunia nalo. Lilitumia takriban tani 10. Ili kumaliza plastiki ya kiwanda kile kimoja ingebidi tuunde majahazi kama lile zaidi ya 400 kila siku. Basi mtu akikwambia kikaoni kwamba plastiki yote itarejelezwa, mfanyie hesabu hiyo kwa upole, mbele ya watu.

Maoni yako yapeleke kwa maandishi, nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo nyumbani. Mkipinga kibali kilichotolewa na NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira, mna siku 60 za kwenda kwenye Baraza la Taifa la Mazingira (National Environment Tribunal) linalosikiliza malalamiko hayo, na siku hizo huisha upesi kuliko mnavyodhani. Ndilo baraza lililofuta kibali cha mtambo wa makaa ya mawe hapa Lamu, Juni 2019, na sababu mojawapo ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Taarifa ukiinyimwa, iombe kwa barua chini ya sheria ya kupata habari ya mwaka 2016. Ofisi ya umma ina siku 21 za kukujibu. Wala usiogope kuulizwa umepata hasara gani wewe binafsi. Ibara ya 70 ya Katiba haikudai uthibitishe hilo.

Ami sasa ana daftari lake. Hajui sana kuandika, mjukuu wake ndiye anayeshika kalamu baada ya alasiri, naye anamtajia: changu kilo nne, tasi kilo mbili na robo, upepo matlai. Wenzetu wa Faza na Kizingitini mnaotaka kuanza, bamvua ijayo njooni Shela asubuhi na chujio zenu. Kamba ninayo.