Taa ya injini, mfuniko wa tangi na maembe yaliyonuka petroli

Kilichonitia chini ya gari langu kwa mara ya kwanza si taa, ni maembe. Mnunuzi wangu wa soko la Kongowea, Mombasa, alichukua ngowe moja kutoka juu ya tenga, akaipeleka puani, akairudisha polepole kama mtu aliyeshika kitu cha mwenyewe. "Mama, maembe yako yanuka petroli." Nikacheka, nikamwambia labda ni mikono yake. Kisha nikainusa mimi. Siku hiyo niliuza kwa bei ya kutupa, nikarudi Malindi kilomita 120 madirisha yote wazi, na taa ya injini ikinitazama njia nzima.

Taa yenyewe ilikuwa imewaka wiki tatu nyuma, asubuhi moja nikivuka daraja la Sabaki nikitoka Mambrui. Manjano, imetulia, haipepesi. Hilo la kutulia lina maana yake: taa ya injini ikipepesa, egesha upesi uwezavyo, kwa sababu injini inakosa kuchoma sawasawa na unaweza kuharibu vitu vya ghali. Yangu ilitulia tu. Gari lilikwenda kama jana na juzi, halikohoi wala halikukosa nguvu milimani, basi nikaizoea kama mtu anavyozoea jirani mwenye redio.

Baada ya aibu ya Kongowea nilikwenda gereji moja hapa mjini, sitaitaja. Fundi alichomeka mashine, akasoma, akakuna kidevu. "Mamangu, hii ni mambo ya tangi. Tubadilishe kanista na pampu ya mafuta." Shilingi 45,000. Nikamuuliza mashine imesema nini hasa. Akaniambia imesema tangi. Nikamuuliza mara ya pili, akanijibu vile vile, kwa sauti kubwa kidogo. Nikamshukuru, nikapanda gari langu, nikaenda zangu.

Mimi si fundi. Nabeba maembe, msimu ukiisha nabeba nazi. Lakini nilikaa jioni mbili nasoma mpaka nikaelewa, na jambo lenyewe si gumu ukishalijua kwa lugha ya nyumbani.

Petroli huvukiza hata gari likiwa limelala, na kwa jua letu hili huvukiza vizuri sana. Zamani mvuke ule uliachiwa ukaenda na upepo. Marekani ilikuja kukataza, na magari ya kule tangu yale ya mwaka 1971 yakalazimika kuufungia. Mvuke hutoka tangini kwa mpira mwembamba, ukaingia kwenye kopo la plastiki lililojaa mkaa. Mkaa kweli, ingawa si wa gunia: umetayarishwa ukawa na vitundu vingi mno, na mvuke hunaswa humo. Hilo kopo ndilo kanista. Injini ikiwaka na kupata moto, vali ndogo ya umeme iliyoko mbele hufunguka, injini ikaufyonza ule mvuke na kuuchoma pamoja na mafuta mengine. Nyuma, penye kopo, kuna vali ya pili ambayo kazi yake ni kuingiza hewa safi. Mimi naziita vali ya kuvuta na vali ya pumzi. Fundi wako atasema solenoidi kwa zote mbili, basi mwonyeshe kwa kidole.

Sasa, kwenye magari yenye mfumo kamili, kompyuta kila baada ya muda huzifunga vali zote mbili, mfumo ukawa kama chupa iliyozibwa, kisha hutazama kama shinikizo linakaa. Lisipokaa, kuna tundu. Na haihitaji tundu kubwa: upenyo wa milimita 1 watosha kuwasha taa, na magari mengine hugundua hata la nusu milimita. Ndiyo maana gari linakwenda vizuri huku taa inawaka. Injini haina kosa. Ni mvuke unaotoroka.

Hapa niwaage wenye pikapu za dizeli, ambao ni wengi kuliko sisi. Dizeli haivukizi kama petroli na gari lake halina mfumo huu, kwa hiyo taa yako ina habari nyingine. Na si kila gari la petroli lina kipimo hiki cha uvujaji. Lategemea lilitengenezewa soko gani. Langu linacho, kwa bahati yangu njema au mbaya.

Mtoto wa kaka yangu ndiye aliyeninunulia kidude cha kusomea, kile cha kuunganisha na simu kwa bluetooth, kwa bei isiyofika shilingi 2,000. Kinachomekwa kwenye tundu lenye nafasi 16 za pini, chini ya usukani. Kilitoa P0455. Sikuamini kwamba yule fundi aliiona namba hii akaifupisha kuwa "tangi". P0455 ni uvujaji mkubwa. P0442 ni mdogo, P0456 ni mdogo zaidi. P0457 hukuelekeza kwenye mfuniko wa mafuta. P0441 yahusu vali ya kuvuta, mvuke haupiti inavyotakiwa, na P0446 yahusu upande wa vali ya pumzi. Lakini shika hili, kwa sababu ndipo pesa za watu zinapopotelea: namba haikutajii kitu cha kununua. Inakutajia jaribio ambalo gari limeshindwa. Kutoka hapo mpaka kwenye kitu chenyewe kilichoharibika kuna kazi, na kazi hiyo ndiyo niliyotaka kuifanya mwenyewe.

Nikaanza na mfuniko. Uvujaji mkubwa, mfuniko. Hakuna mahali pa bei nafuu zaidi pa kuanzia. Niliufungua, nikaugeuza juani. Ule mpira wa duara ulikuwa umekauka na kupasuka sehemu tatu, mgumu kama kwato, na mdomo wa tangi umeshika chumvi na vumbi jekundu la njia ya Magarini. Nikaupangusa mdomo kwa kitambaa kikavu, nikanunua mfuniko mpya wa modeli ile ile. Usichukue "unaoingia". Unaweza kuingia, ukalia vizuri, na usizibe. Shilingi 1,800. Kijana akafuta ile namba kwa simu, taa ikazimika, akaniambia, "Shangazi, umeokoa elfu arobaini na tatu." Nikampikia pilau.

Siku tisa baadaye taa ikarudi.

Pilau ilikuwa ya mapema, lakini sikukata tamaa, kwa sababu namba ilikuwa imebadilika: P0442. Kutoka uvujaji mkubwa hadi mdogo. Maana yake tundu moja nimeliziba kweli, na lilikuwa likilifunika la pili. Kama ningekuwa nafuta tu bila kusoma, ningedhani mfuniko haukusaidia kitu.

Tukaenda kwenye vali ya kuvuta, kwa kuwa iko mbele na haihitaji kulala chini. Injini imezimwa, imepoa. Unachomoa plagi yake ya umeme, unachomoa mipira, unaitoa, unapuliza upande mmoja. Bila umeme inatakiwa iwe imefungwa. Hewa ikipita, imekwama wazi. Puliza, usifyonze, maana utakachofyonza ni petroli. Yangu haikupitisha hewa. Tukaigusisha kwenye betri, mbali kabisa na tangi, ikalia "tak" na kufunguka. Nzima. Dalili moja ya kujua kwamba imekwama wazi, hata kabla ya kuitoa: gari linakuwa gumu kuwaka ukishajaza mafuta tu, kisha linatetemeka kidogo kabla ya kutulia.

Ikabaki chini na nyuma. Gereji zenye vifaa huingiza moshi kwenye mfumo kwa mashine maalumu na kutazama unapochomoza. Jirani yangu, alipousikia mpango huo kupitia ukutani, akaleta chetezo na ubani. Nilimrudisha na chetezo chake mpaka mlangoni. Moshi wa mashine ile hautengenezwi kwa kaa la moto pembeni ya mvuke wa petroli, na kama kuna neno moja kutoka kwangu la kushikwa kabla ya mengine, ni hilo: hakuna moto, hakuna sigara, hakuna udi, na simu ya kumulikia iwe mkononi, si kibatari. Tena usikubali mtu wa magurudumu alete kompresa yake. Mfumo huu huhimili shinikizo dogo sana. Kompresa ya tairi itakupasulia kile ulichokuwa unakitafuta na vingine vitatu.

Na kuhusu kulala chini. Huku kwetu watu huinua gari kwa jeki kisha wakaliegemeza kwenye tofali la matumbawe, kwa sababu yamejaa uani. Tofali lile hujengea nyumba vizuri, lakini likibebeshwa gari kwenye ncha moja hupasuka bila kukuaga. Sisi tuliazima stendi za chuma, tukatia mawe mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, na gari likiwa kwenye sakafu ya saruji, si mchangani.

Tulifanya hivi. Kijana alichomoa mbele ule mpira unaotoka kwenye kanista, akaunganisha kipande kirefu cha mpira safi, akawa anapuliza taratibu, akigeuza uso pembeni kila akitaka kuvuta pumzi. Mimi niko nyuma nimeziba kwa kizibo cha mpira mahali vali ya pumzi inapopumulia, maana pasipozibwa hewa yote itatokea hapo. Mkono wa pili una brashi ya rangi na povu zito la sabuni. Kila kiungo nikakipaka. Kanista, kimya. Shingo ya tangi, kimya. Kisha juu ya ekseli ya nyuma, mpira unaopita kati ya tangi na kanista, pale unapobanwa na kibati, kibati kimeliwa na kutu na ukingo wake umeusugua mpira kila shimo la barabara. Kwa macho ulikuwa mzima. Povu likaanza kuvimba, vipovu vidogo vidogo kama vya mahamri kwenye mafuta. Nilipoukunja kwa vidole ukafungua mdomo.

Nikampigia kelele aache kupuliza. Akauliza, "Umepata?" Nikamwambia anipe kisu.

Tulikata kipande chote kilichokauka, tukatia mpira mpya na klipu mbili: shilingi 650 zote. Uwe mpira wa mafuta, umeandikwa hivyo ubavuni. Wa maji utalainika na kuoza baada ya muda. Kibati tukakipiga msasa, tukakipaka rangi, tukakivika kipande cha tairi la ndani la baiskeli kisisugue tena. Chumvi ya pwani hii haiachi bati salama, na gari linalofika Gongoni na Marereni, penye mashamba ya chumvi, ni zaidi.

Kwa kuwa tulikuwa chini tayari, tukatazama na vali ya pumzi yenyewe. Ilikuwa na mchanga, tukaukung'uta. Rafiki yangu wa Watamu alikuta kwake nyigu wamejenga kijumba cha udongo ndani ya ule mpira wa kupumulia. Yeye alikuwa na P0446, na dalili yake aliiona kwenye kituo cha mafuta kabla ya taa: bomba la pampu linakatika kila baada ya lita moja mbili, kwa kuwa tangi halina pa kutolea hewa. Alitumia waya na subira.

Kijana wa pampu naye ana sehemu yake katika hadithi hii. Bomba likikatika lenyewe, mwambie inatosha. Ukimwachia aongeze mpaka ionekane shingoni, petroli ya maji hupitiliza hadi kwenye kanista, ule mkaa ukalowa, na hapo ndipo utakapoinunua kweli.

Safari hii sikumruhusu mtu kufuta namba. Nilitaka gari lenyewe liniambie. Ukiacha hivyo, taa huzimika yenyewe baada ya jaribio kupita salama safari tatu mfululizo, na jaribio halifanyiki ovyo: gari liwe limelala usiku kucha, injini baridi, na tangi lisiwe limejaa wala lisiwe linaelekea kuisha. Nikalishika kwenye nusu. Nikawa natoka alfajiri kabla ya joto, naenda Mambrui kupakia, narudi polepole. Siku ya kwanza hakuna kitu, ya pili hakuna kitu, ya nne taa bado ipo. Kijana akanipigia simu kuuliza kama anunue pilau mwenyewe.

Siku ya sita nilivuka Sabaki, nikapita ng'ombe waliokuwa wakikata barabara, nikapunguza mwendo kwenye tuta la kuingia Mambrui, na ndipo nilipotupa jicho kwenye dashibodi. Sijui ilizimika wapi. Jumatatu yake nikapeleka matenga ishirini Kongowea, na yule bwana akainusa ya kwanza, ya pili na ya tatu mbele yangu, hana haya, kabla ya kutaja bei.