Alikiri kosa la mdogo wake: je, rufaa ipo?

SWALI: Mume wangu amefungwa miaka 3 kwa wizi wa pikipiki. Aliyeiba ni mdogo wake. Mashtaka yaliposomwa Mahakama ya Wilaya, mume wangu alikiri ili kumnusuru kijana, maana alikuwa anakaribia mtihani wa kidato cha nne. Sasa shemeji yangu anataka kusema ukweli. Tunaweza kukata rufaa? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole sana, dada yangu. Nianze na lililo gumu. Kwa sheria ya Tanzania, aliyetiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe hana rufaa ya kupinga kutiwa hatiani. Anaweza kulalamikia adhabu tu.

Hata hivyo, kesi ya Laurence Mpinga dhidi ya Jamhuri ya 1983 ilitaja hali nne zinazofungua njia: kukiri kwenye utata au kusikokamilika, kukiri kwa kukosea au kutoelewa, shtaka lisilo kosa kisheria, au maelezo yaliyokubaliwa kutotosha kumtia mtu hatiani. Mume wako alijua anachofanya, kwa hiyo ya pili haimfai. Kumkinga ndugu si kutoelewa. Mimi ningetafuta kwenye ya kwanza na ya nne.

Omba nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi (kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani), kisha usome ukurasa wa siku aliyokiri. Kesi ya Adan ya 1973, inayofuatwa hadi leo, inataka shtaka lisomwe kwa lugha anayoielewa, jibu liandikwe kwa maneno yake kadiri inavyowezekana, mwendesha mashtaka asome maelezo ya kosa, ndipo mshtakiwa aulizwe kama anayakubali. Ukikuta ameandikiwa “ni kweli” tu na maelezo hayakusomwa, hapo pana hoja. Vilevile kama yalisomwa lakini yanasema tu “alikutwa na pikipiki”, bila kutaja mwenye mali wala kwamba ilichukuliwa bila ridhaa yake.

Notisi ya kusudio la rufaa hutolewa ndani ya siku 10, petisheni (hati yenye sababu za rufaa) ndani ya siku 45, ukiondoa muda wa kusubiri nakala. Mfungwa huzipitisha kwa Mkuu wa Gereza. Kama muda umepita, aombe Mahakama Kuu imwongezee, na kwenye hati ya kiapo aeleze kila siku iliyochelewa. “Sikujua sheria” haisaidii. Asiye na uwezo anaweza kuomba wakili chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Kuhusu shemeji: Mahakama Kuu inaweza kupokea ushahidi wa nyongeza, lakini ndani ya rufaa yenye mashiko. Akishatoa maelezo polisi, naye ni mtuhumiwa. Usimwandikie maelezo wala kumfundisha la kusema. Upande wa Jamhuri utasema ndugu wamepanga, na hapo mtawapoteza wote wawili. Aende na wakili wake mwenyewe, asiwe huyohuyo wa mume wako, kwa sababu kinachomwokoa mmoja kinamfunga mwingine.