Maswali na Majibu: Vitabu vya Anatomia na Biolojia kwa Wanafunzi wa Vyuo

Barua za mwezi huu zimetoka zaidi kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa vyuo vya afya na wa shahada za sayansi, pamoja na wazazi wao. Nimeziacha zile zilizouliza bei peke yake, kwa sababu bei hutofautiana kutoka duka moja hadi jingine, na jibu langu lingekuwa limechakaa kabla ya kusomwa.

Shikamoo mwalimu. Kaka yangu ameniachia kitabu cha anatomia na cha biolojia, vyote vimechapishwa zaidi ya miaka kumi na miwili iliyopita. Mhadhiri wetu anataka matoleo mapya. Je, ninunue vyote upya? (Mwanafunzi, Dodoma)

Marahaba. Cha anatomia kitunze. Cha biolojia kichunguze kwanza. Mifupa ya mtu mzima ni 206 katika kitabu cha kaka yako na ni 206 katika toleo la mwaka huu, na mpangilio wa misuli ya paja haujabadilika. Kinachobadilika katika matoleo mapya ya anatomia ni ubora wa picha, mifano ya wagonjwa na namba za kurasa. Mhadhiri akitaja ukurasa, muulize jina la sura na la mada, kisha tumia faharasa iliyo mwishoni mwa kitabu chako.

Biolojia ni habari nyingine, hasa katika sura za jeni na za uainishaji wa viumbe. Hadi mwaka 1956 vitabu vilifundisha kwamba binadamu ana kromosomu 48, na ni mwaka huo ndipo ilipothibitishwa kuwa ni 46. Kabla ya ramani ya kwanza ya jeni za binadamu kuchapishwa mwaka 2001, vitabu vingi vilikadiria jeni hizo kuwa kama 100,000, ilhali leo tunajua kwamba zile zinazotengeneza protini ni takriban 20,000. Mbinu ya kuhariri jeni iitwayo CRISPR ilielezwa mwaka 2012 na ikapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2020, kwa hiyo huenda kitabu cha kaka yako hakina hata aya moja juu yake. Kisome kwa seli, usanisinuru, upumuaji na mzunguko wa damu, na sura ya jeni uipate kwenye kitabu kipya cha maktaba.

Nawaonya pia wanaonunua vitabu vya mtumba. Kabla ya kutoa fedha, fungua sura ya uainishaji. Ukikuta kuvu wamewekwa pamoja na mimea, huo ni uainishaji wa zamani; kirudishe mezani, hata kama jalada lake linang'aa. Kisha pekua michoro ya rangi, maana hiyo ndiyo kurasa zinazochanwa kwanza.

Naomba PDF ya Gray. (Hakuna jina)

Ombi hili hunifikia kila mwezi kwa maneno haya haya, na hakuna hata mmoja anayesema anasomea nini wala anamtaka Gray yupi. Viko vitabu viwili vya anatomia vinavyobeba jina hilo. Cha kwanza kilitolewa London mwaka 1858, maandishi yakiwa ya daktari mpasuaji Henry Gray na michoro ikiwa ya Henry Vandyke Carter. Kimeendelea kuhaririwa hadi leo na sasa kina kurasa zaidi ya 1,500. Ni kitabu cha rejea cha wapasuaji na wabobezi, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akianza nacho atakwama kwenye sura za mwanzo. Cha pili kiliandikwa upya kwa ajili ya wanafunzi na kilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 2005. Mara nyingi muulizaji huhitaji hiki cha pili lakini hupakua kile cha kwanza.

Sitatuma nakala ya wizi, na sababu si sheria peke yake. Nakala hizo nilizoletwa na wanafunzi wangu mara nyingi zilikosa kurasa, na michoro yake ilififia kiasi kwamba neva haikutofautika na kano. Nimewahi kumsimamia mwanafunzi aliyekuwa na vitabu zaidi ya arobaini kwenye simu yake. Nilipomwomba anionyeshe mpaka wa juu wa ini juu ya kifua cha mwenzake, alionyesha chini ya kitovu. Hakuwa mvivu hata kidogo, bali alikuwa akiruka kutoka faili moja hadi jingine kila alipokutana na aya ngumu, akitumaini kwamba kitabu kinachofuata kitakuwa chepesi zaidi. Kitabu kimoja, ulichokisoma sura nzima huku ukichora kwa kalamu yako mwenyewe, kitakufikisha mbali kuliko hiyo arobaini.

Asiye na fedha hana haja ya kuiba. Mradi wa OpenStax wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, umetoa kitabu kizima cha anatomia na fiziolojia tangu mwaka 2013, na kingine cha biolojia, na vyote hupakuliwa bure kwa ruhusa ya waandishi. Kile cha anatomia hakina undani wa kumtosha daktari mtarajiwa, lakini kwa mwaka wa kwanza wa stashahada na wa shahada nyingi za sayansi kinatosha.

Ninasoma stashahada ya uuguzi. Wenzangu wa udaktari wanakidharau kitabu cha Ross na Wilson, wanasema ni cha watoto. Je, nikiache? (Mwanafunzi, Morogoro)

Usikiache. Kimeandikwa kwa ajili ya wauguzi na wataalamu wengine wa afya, kinaunganisha umbo la kiungo, kazi yake na maradhi yake, na kwa mtaala wako hicho ndicho kipimo sahihi. Wanaokidharau hawajatambua kwamba vitabu vya anatomia hupangwa kwa njia mbili. Vipo vinavyofuata mifumo, yaani mifupa yote, kisha misuli yote, kisha mishipa yote ya damu. Vipo vinavyofuata sehemu za mwili, yaani kila kilichomo begani, ngozi hadi mfupa, kabla ya kuhamia kwapani. Cha kwako ni cha mifumo, na wapasuaji huhitaji cha sehemu.

Hata hivyo, iko sehemu moja ambayo kila muuguzi lazima aijue kwa undani wa mpasuaji, nayo ni tako. Neva ya siatiki, iliyo nene kuliko neva zote za mwili, hupita humo kuelekea pajani. Sindano ikichomwa mahali pasipo pake, mgonjwa aliyeingia kliniki kwa miguu yake anaweza kutoka akiburuta wayo. Ndiyo maana tunafundisha robo ya juu iliyo upande wa nje. Tafuta mchoro wa tako katika kitabu kikubwa maktabani, uunakili kwa mkono mara tatu, kisha mwombe mkufunzi wako akupime kabla hujaingia wodini.

Nimetoa kopi nyeusi na nyeupe ya atlasi nzima. Inafaa? (Mwanafunzi, Mbeya)

Haifai. Atlasi, yaani kitabu cha michoro ya mwili, hutofautisha ateri kwa nyekundu, vena kwa buluu na neva kwa njano, na wewe umelipia karatasi ambazo zote tatu ni kijivu.

Je, mtu anaweza kufaulu anatomia kwa atlasi na video tu, bila kusoma maelezo? (Mwanafunzi, Nairobi)

Anaweza kufaulu mtihani wa kutaja majina. Mgonjwa hatamuuliza majina. Picha humwonyesha mahali kiungo kilipo, na maelezo humweleza kwa nini jeraha la hapa hudhoofisha kule. Soma maelezo kwanza, kisha ifungue picha, na ukumbuke kwamba mtu aliyechorwa amekukabili, hivyo mkono wake wa kulia uko upande wako wa kushoto. Wanafunzi wa mwaka wa pili bado hukosea hilo.

Binti yangu amemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) na anasubiri chuo. Muuzaji ameniambia ninunue seti ya vitabu sita mapema kabla havijaisha. Ninunue? (Mzazi, Tanga)

Hapana, mzee wangu. Hujajua bado atapangiwa kozi gani wala chuo gani, na kila chuo kina orodha yake. Akipata mkopo wa serikali, humo mna fungu la vitabu na viandikwa, na nawasihi wazazi wafuatilie fungu hilo liende kwenye vitabu kweli. Kwa sasa mwachie asome upya sura za seli na za tishu katika kitabu chake cha kidato cha tano, kwa maana wengi huanguka katika anatomia kwa sababu hawakuielewa seli.

Kwa nini tunajifunza mwili wetu kwa lugha ya kigeni? Je, nikijifunza majina ya Kiswahili nitakuwa napoteza muda? (Mwanafunzi, Zanzibar)

Hupotezi muda hata kidogo, na natamani kila chuo kingelitilia mkazo jambo hili. Majina ya kitaalamu yana asili ya Kilatini na Kigiriki, nayo ni mageni hata kwa Mwingereza, kwa hiyo wajibu wa kuyajua uko pale pale. Lakini mgonjwa wako hatakuja nayo. Atasema "mguu unaniuma", na kwa Kiswahili mguu ni kuanzia nyongani hadi vidoleni, ilhali katika vitabu vyako neno la Kiingereza *leg* ni kuanzia gotini hadi kifundoni tu. Vivyo hivyo mkono, ambao kwetu hubeba bega hadi kucha. Usipouliza ni paja, ni muundi au ni wayo, utaandika kwenye faili jambo ambalo mgonjwa hakulisema.

Mfano wa hatari zaidi ni chembe cha moyo. Mswahili akikuambia anaumwa na chembe cha moyo, anaonyesha pale chini ya mfupa wa kidari, juu ya tumbo. Mwanafunzi aliyekariri Kiingereza peke yake husikia neno moyo na kuandika ugonjwa wa moyo, na mwingine, akijua kwamba pale ni juu ya tumbo, huandika vidonda vya tumbo na kumruhusu mgonjwa arudi nyumbani. Wote wawili wamekosea, kwa sababu maumivu ya mahali hapo yanaweza kutoka tumboni, kwenye kongosho, kwenye nyongo, na wakati mwingine kwenye moyo wenyewe.

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na nakala zake bado zimo katika maktaba kadhaa za vyuo. Ianze hiyo, na pembeni mwa kila mchoro unaounakili andika majina mawili: la kitaalamu, na lile atakalolitamka mgonjwa wako.